Msomaji wa Bwaloni

Mwanaisha alinitembelea Wundanyi mwezi uliopita. Tulikuwa hatujaonana tangu Dubai, na nilipomwona akipanda ngazi za mlangoni kwa goti bovu, akiinua buibui lisishike matope, nilicheka kabla ya kulia. Nilimpikia kimanga, mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja, akala akisifu, kisha akanawa na kuingiza mkono mkobani. Akatoa bahasha ya kaki iliyokunjika pembe. "Shoga, nisamehe," akasema. "Hii ililetwa dukani kwetu Mankhool wewe ushaondoka. N'kaitia sandukuni, n'kasema n'takupelekea. Miaka ikenda, nami wallahi n'lisahau. Juzi natafuta leso, naikuta chini kabisa." Ndani mlikuwa na kijitabu chembamba, na jalada lake lilikuwa na mchoro wa kanisa lisilo na mnara, paa lake refu, madirisha yake membamba. Sijawahi kulitia machoni kanisa lile, lakini nililijua dirisha kwa dirisha. Kijitabu hicho nilikichapa mwenyewe, mwaka wa 2014, mezani kwa mtu aliyekuwa haoni. Kurasa zote nilizijua ila mmoja, ule wa mwisho.

Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na tisa na nilikuwa nimepelekwa Al Warqa, mtaa mmoja wa Dubai, kuosha, kupiga pasi na kupika. Madam alikuwa Mwingereza, mumewe tulimwita sir, na wote wawili walitoka nyumbani kabla ya saa mbili asubuhi, kila mmoja na gari lake. Siku ya kwanza madam aliniuliza maswali ya kawaida, kama najua mashine ya kufulia na kama naogopa mbwa, kisha akauliza nyumbani nilifanya kazi gani. Nikamwambia nilisomea upigaji chapa Voi, na kanisani kwetu nilikuwa msomaji wa masomo ya Jumapili. Akanitazama upya. "Unasoma kwa sauti?" akauliza. Kesho yake nilikabidhiwa baba yake. Mzee alikuwa ameletwa kutoka Uingereza baada ya kufiwa na mke, na macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli tu. Walimpa chumba kilichojengwa kiwe majlisi ya wageni, kipana kupita kiasi, chenye mazulia hadi ukutani, na kitanda chake kilionekana kimesahaulika pembeni. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, ukuta mmoja na mashine ya kufulia, nami nilijua saa kwa mitetemo yake. Wote walimwita kwa jina. Mimi nilishindwa, nikamwita Mzee, naye alipojua maana yake akasema hajawahi kupewa cheo kizuri kama hicho. Yeye peke yake katika nyumba ile alilitamka jina langu sawasawa, Mghoi, baada ya kulijaribu asubuhi nzima.

Kazi yetu ilianza kwenye kifungua kinywa. Nilimwekea uji wa shayiri, yai la kuchemsha lililokwisha kumenywa, tosti iliyokatwa vipande vya kushikika na jemu ya machungwa, nami nikakaa ng'ambo ya meza na kompyuta. Alikuwa akiandika historia ya kanisa la kijijini kwao. Nilidhani itanichosha. Lakini Mzee alikuwa na namna ya kusema mambo ya miaka mia nane kana kwamba yalitokea juzi na bado yanamuudhi. Mahali pale, alisema, hapakuwa na kanisa la kijiji hapo mwanzo. Palikuwa na watawa wa kiume waliovaa kanzu nyeupe, waliochagua bonde lenye maji, wakajenga kanisa lao kubwa, mabweni, jiko na ukumbi wa kulia. Wakakaa vizazi na vizazi. Kisha mfalme akagombana na Papa, akawafukuza watawa nchi nzima. Watu wake wakabandua madini ya risasi yaliyofunika paa la kanisa kubwa, wakayayeyusha, mvua ikaingia, na jiwe moja moja likabebwa kwenda kujengea mazizi na kuta za matajiri. Wanakijiji wakabaki bila pa kusalia. Wakaangalia kilichosalia, wakaona ule ukumbi wa kulia bado una paa, wakaomba wapewe huo. "Wakasogeza meza," alisema Mzee, "wakapiga magoti palepale watawa walipomwaga mchuzi." Ndiyo maana kanisa lao halikuelekea mashariki kama makanisa mengine ya Uingereza. Ukumbi ulijengwa kwa ajili ya chakula, ukaelekea kusini, na madhabahu ikabidi ifuate. Tundu la ukutani walilopitishia vyakula kutoka jikoni lilizibwa kwa matofali, na waimbaji wa kwaya, yeye akiwa mmojawapo utotoni, walikuwa wakibandika peremende zao kwenye matofali hayo.

Nilimwambia kwetu tuna neno moja kwa ukumbi kama huo. Wa shule ya bweni, wa askari, hata wa jela: bwalo. Alilipenda neno hilo kuliko nilivyotarajia. Akalisema mdomoni, bwalo, bwalo, akasema lina sauti ya chungu kikubwa kikiwekwa chini. Nami nikamweleza kwamba hata mimi nasali bwaloni. Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, Wakenya tulikodi chumba cha kifungua kinywa cha hoteli moja Al Mankhool. Saa tano, wageni wakimaliza kula, wahudumu waliokuwa wenzetu walisukuma masufuria pembeni na kupanga viti. Mchungaji alihubiri mbele ya kaunta ya mayai, na harufu ya vitunguu ilikaa nasi hadi baraka za mwisho. Mzee alicheka hadi akakohoa. Tangu siku hiyo kila Jumamosi swali lake la kwanza lilikuwa, "Bwalo lenu lilikuwaje jana?" Nilimweleza nani alishuhudia, nani alisinzia, nani alilia kwa sababu ya nyumbani. Bintiye hakuwahi kumuuliza hata mara moja kuhusu kanisa lake, na simsemi kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na labda aliogopa.

Kilichompendeza Mzee kuliko vyote katika jengo lile kilikuwa mimbari. Watawa hawakuruhusiwa kuzungumza wakila. Mmoja wao alipanda ngazi nyembamba iliyochongwa ndani ya ukuta, akatokea juu kwenye kidirisha cha mawe, akawasomea maandiko huku wenzake wakitafuna kimya. Yeye hakula. Wanakijiji walipolirithi bwalo wakakuta mimbari iko tayari, na makasisi wakahubiria humo hadi siku zetu. "Wewe ndiwe msomaji wangu," Mzee aliniambia, "na mimi ndiye mtawa mwenye yai." Akanieleza pia jinsi masomo yalivyofungwa. Mkuu wa watawa aliposhiba aligonga meza mara mbili. Hapo msomaji alifunga kitabu, akashuka, akakaa na wenzake akala, na hapo tu ndipo watu waliweza kusemezana. Akachukua kijiko chake akagonga kunionyesha, ko, ko. Niliandika yote hayo. Yamo katika ukurasa wa kumi na tisa.

Sasa niseme alichokuwa akikitafuta, maana hakikuwa kitabu tu. Kijijini walikuwa wamebaki waumini wachache, na wakubwa wa kanisa walikuwa wakifikiria kulifunga na kuliuza jengo. Mkewe Mzee alizikwa nje ya ukuta wa kusini, chini ya lile tundu la jikoni, na nafasi ya kando yake ilikuwa imewekwa kwa ajili yake. Kanisa likifungwa, makaburi hayataongezwa tena. Mzee aliamini kwamba wakubwa wakisoma historia yote, tangu watawa hadi yeye, wataona aibu kuliuza. Kisha bintiye atampeleka nyumbani, na akifa atalala alipopanga kulala. Aliniambia hayo mara moja tu, akipaka jemu kwa kupapasa. "Nimelala naye upande wa kushoto miaka hamsini na mbili," alisema, "sijui kulala upande mwingine." Kila wiki katibu wa parokia, mama mmoja aitwaye Edith, alimwandikia barua pepe ndefu, nami nilimsomea. Nani yu mgonjwa, paa linavuja wapi, wakubwa wamesema nini.

Mwezi wa tano, joto likiwa limeanza kutufungia ndani, nilikuwa nikipiga pasi kwenye ujia nikamsikia madam akizungumza kwa simu na kaka yake. "Wameuza tayari," alisema. "Mwenye hoteli. Ndiyo, atatia meza, watu watakuwa wanakuja kula harusi. Hapana, hakuna kuzika tena. Nimwambieje? Daktari amesema moyo wake haufai kusafiri, na akisikia atataka kwenda leo hii. Atafia kwenye ndege." Kisha akalia, kilio cha mtu asiyetaka kusikika na mfanyakazi, nami nikazima pasi nikasimama na shati la sir mkononi. Meza zilikuwa zinarudi bwaloni. Jioni madam alinikuta jikoni, macho mekundu. Alisema Edith ameandika, na barua ile hatasomewa Mzee. Kuanzia sasa barua za Edith atazipokea yeye madam, mimi nitasema Edith anasalimu, kila kitu kiko sawa, na majibu ya Mzee nitayachapa lakini sitayatuma. Nikasema, "Madam, atauliza." Akasema, "Basi utajibu, si unajua kusoma?" Halafu, kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Akisikia kutoka kwako, Mghoi, khalas, nitakukatia tiketi. Samahani. Lakini nitakukatia." Paspoti yangu ilikuwa kwenye kabati lao la juu. Nikasema, "Sawa, madam."

Ijumaa nilimweleza Mwanaisha. Alikuwa akiuza mabuibui dukani na alilala chumba kimoja na wanawake watano, vitanda vya ghorofa, kila kimoja na pazia lake. Tulikaa nyuma ya pazia lake tukila sambusa. "Mwambie," alisema papo hapo. "Mtu mzima hafichwi msiba wake." Nikamwambia nitarudishwa nyumbani. "Utarudi, utalia, utapata kazi nyengine. Yeye akifa na uongo wako, wampelekea wapi?" Nilimkasirikia. Nilimwambia yeye hana binti shuleni anayemtegemea, naye akairudisha sambusa yake sahanini, maana ilikuwa kweli na ilikuwa chuki. Nimekuwa nikijiambia miaka yote hii kwamba nilinyamaza kwa huruma, kumlinda moyo. Si kweli. Niliogopa, basi, na huruma niliivaa juu kama aproni.

Tatizo ni kwamba Edith hakuwa mtu wa salamu fupi. Barua ya kwanza niliyoitunga ilikuwa mistari mitatu, na Mzee akauliza kama Edith ni mgonjwa. Ya pili nikairefusha. Nilizitunga wakati wa kupiga pasi, nikiandika nyuma ya risiti za dukani, asubuhi nikaziweka mbele ya kompyuta na kuzisoma kwa ile sauti yangu ya kanisani. Paa limezibwa. Wakubwa wameahirisha mkutano. Baridi yabisi ya Edith imepoa. Kasisi amehubiri juu ya Ruthu. Na, Mungu anisamehe, nilianza kuona raha. Nilikuwa na kijiji changu mwenyewe mle, chenye mvua, na hakuna mtu aliyeniita kutoka chumba kingine. Uso wa Mzee ulilegea nikisoma. Alikula yai lote. Alikuwa akitoa imla ya majibu kwa Edith, kurasa mbili, tatu, yenye utani ambao sikuuelewa, nami niliyachapa na kuyahifadhi mahali yasipokwenda kokote. Kitabu nacho kilisonga mbele. Tuliwafukuza watawa mwezi wa sita, tukahamisha meza mwezi wa saba, na kufikia mwezi wa tisa tulikuwa tumefika vita vya babu yake.

Mwezi wa kumi ikaja Sikukuu ya Mavuno. Mzee aliingoja barua hiyo kama mtoto, akaniambia Edith huieleza kila mwaka kuanzia maua hadi mikate. Nilijiandaa. Nilieleza maboga yaliyopangwa ngazini pa mimbari, mahindi, mayai, asali. Kisha nikaeleza mnada baada ya ibada. Jinsi mama mmoja alivyoleta jogoo, jinsi mwenye duka alivyomnunua na kumrudisha auzwe tena, akanunuliwa na daktari, naye akamrudisha, akauzwa mara ya tatu kwa mjane aliyekwenda naye nyumbani kwapani, kanisa zima likipiga makofi. Nilisoma vizuri sana asubuhi ile. Nilikuwa nikimwona yule jogoo, mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge, maana ndivyo tufanyavyo kwetu kila mavuno na haikunipitia akilini hata kidogo kwamba kuna kanisa duniani lisilopiga mnada. Nilipomaliza nilitazama juu. Mzee alikuwa ametulia, kipande cha tosti kimesimama hewani. "Mara tatu?" akauliza. Nikasema, "Ndiyo, Mzee, mara tatu." Akakiweka kile kipande sahanini. Akasema, "Jogoo mwenye bahati." Kisha akachukua kijiko akagonga meza mara mbili.

Nikainuka nikatoa vyombo. Katika nyumba ile mezani palikuwa na lugha yake. Sir akigonga glasi anataka maji, madam akigonga meza mnaondoa sahani mnaleta matunda. Nilikuwa nimegongewa hivyo kwa miezi tisa, jioni baada ya jioni, na mkono wangu ulikwenda kwenye sahani kabla kichwa hakijauliza. Kesho yake akagonga tena. Na kesho kutwa. Kila nilipomaliza kusoma habari za Edith, ko, ko, halafu anakaa, uso wake umenielekea, mikono juu ya meza, kama mtu anayengoja gari. Nami nachukua bakuli, kikombe, maganda, nafuta makombo. Mara moja nilimuuliza kama ameshiba. Akasema, "Nimeshiba, Mghoi." Alianza kula kidogo. Alipunguza imla. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja aliniomba kile kinasa sauti chake cha zamani, nikakiwekea betri, akanambia, "Leo nipumzishe, nenda ufunge mlango." Nilikwenda kukunja nguo. Sauti yake ilinifikia kidogo kupitia ukuta, bila maneno. Siku nne baadaye nilimkuta ameketi kitandani, kanzu ya kulalia, kiatu kimoja mguuni, amekwisha kufa. Alikuwa upande wa kushoto wa kitanda.

Walimzika hukohuko, kwenye makaburi ya wasio Waislamu, mchangani. Sikwenda. Nilibaki nyumbani kukata mikate kwa ajili ya waombolezaji, na nikaambiwa ilikuwa ibada fupi kwa sababu ya jua. Walipoondoka wote madam alikuja jikoni, akakaa kwenye kiti changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Tulifanya vizuri, sivyo?" akaniuliza. "Alikufa akiwa na furaha. Hakujua." Nikamtazama mwanamke yule, amevimba macho, viatu kavivua. "Ndiyo, madam," nikasema. "Hakujua." Mkataba wangu ulipokwisha aliomba anwani, sikuwa na sanduku la posta, nikampa ya duka la Mwanaisha.

Basi mwezi uliopita Mwanaisha alipokwenda kuoga nilikifungua kile kijitabu mwisho wake. Madam alikuwa ameusikiliza ule mkanda wa kinasa sauti cha Mzee baadaye, peke yake, akauandika neno kwa neno, akauchapisha bila kuongeza wala kupunguza, na juu ya ukurasa akaandika kwa kalamu, Nadhani hii ni yako. Nautafsiri kadiri niwezavyo. "Mwaka wa mwisho wa kanisa letu haumo katika daftari lolote la parokia. Nilisomewa mezani, nchi ya mbali, na mwanamke mwenye sauti nzuri. Mwaka huo paa halikuvuja, Edith hakuumwa magoti, na siku ya mavuno jogoo mmoja aliuzwa mara tatu. Nimeishi miaka themanini na moja, na kijijini kwetu halijawahi kupigwa mnada hata yai. Ndivyo nilivyojua kwamba kanisa limekwisha. Simlaumu msomaji. Msomaji husoma alichopewa. Lakini nilimgongea kila asubuhi ashuke, aje akae nami bwaloni tusemezane, kwa sababu nilikuwa na msiba na sikuwa na mtu mwingine wa kulia naye. Akachukua sahani."

Kwa mara ya kwanza nilielewa kuwa tungeweza kulia pamoja, asubuhi yoyote, majuma sita mazima, na madam asingejua. Tulikuwa wawili mezani, kila mmoja anajua, kila mmoja peke yake. Hakuna wa kumwomba radhi sasa. Yuko mchangani kule, na mkewe yuko kule kwingine, chini ya tundu la jiko, na watu wanakula harusi ng'ambo ya ukuta wake. Mwanaisha akatoka bafuni, kanga kifuani, akavuta kiti akakaa mbele yangu. Akakitazama kijitabu, akanitazama machoni, akangoja. "Ehe," akasema taratibu, vidole vyake vikigusagusa meza. "Mzee wako asemaje?" Nilifungua mdomo. Nikasema, "Habari za kanisa tu." Akaendelea kunitazama. Nikainuka, nikatoa vyombo.